Mdahalo Wangu Kwenye Kiti cha Msusi

Kanisani kwetu Kilimani walitaka nimkabili hadharani nabii mmoja anayewaambia waumini waache dawa. Mdomo ninao na Biblia naijua, kwa hivyo ukumbi ulishapatikana, na vijana wa kurekodi. Nami nilitamani sana. Mbwa mwitu hafukuzwi kwa kunong'onezwa, na hata leo naamini hivyo.

Ila dadangu mkubwa, msusi wa Kenyatta Market, alikuwa mfuasi wa nabii huyo, na kwa neno lake alikuwa ameacha vidonge vya presha. Nilijua nikimwaibisha nabii mbele ya watu, dada atamtetea hadi kaburini. Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, na kwetu Idi hatusherehekei.

Nikawaomba wazee wa kanisa wanipe muda, nikaenda kwa dada kusukwa. Ukiwa kwenye kiti cha msusi huinuki katikati, na yeye hawezi kukuacha kichwa nusu. Nilianza na Isaya: nabii wa kweli, lakini mfalme alipougua aliagiza abandikwe tini kwenye jipu. Dada akanijibu kwa yule mwanamke wa Injili aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipone. Kila aya isiyompendeza alinivuta nywele kidogo zaidi. Wateja kwenye benchi wakaanza kuunga mkono huku na huku. Muuza nywele za bandia akawa upande wangu, mama wa rasta upande wake. Hadhara niliyoikimbia ikawa imenikuta hapo hapo, na nakiri nilikuwa nafurahia.

Halafu nikamwona dada kwenye kioo akiegemea kiti, akifumba macho, kizunguzungu kimempanda. Hoja zote zikaniruka.

"Dada, naogopa utakufa," nikasema.

Mikono yake ikatulia kichwani mwangu.

"Kwani hiyo ndiyo ulikuja kusema?"

"Eeh."

"Si ungeanza na hiyo."

Vidonge vyake nilikuwa navyo mkobani, nimevipitia kliniki asubuhi. Akaomba maji, akameza kimoja mbele yetu sote.

"Lakini bado ni nabii wangu," akasema kwa sauti, akiliangalia benchi zima, asije mtu akadhani ameshindwa.

Nilikuwa na aya nzuri sana ya kumjibu. Nikainamisha kichwa ili amalizie kusuka.