Kola ya Buluu

Nusu ya mji humwita mke wangu Mama Joho, kwa sababu ndiye aliyewashonea majoho wahitimu wa Chuo Kikongwe tangu tulipokuwa wachumba. Joho jeusi, kola nyekundu. Mawakili, walimu, hata waziri mmoja, wote walipanda jukwaani na kazi ya cherehani yake, na wageni walielezwa jambo hilo kabla hawajakaribishwa kiti.

Chuo cha pili cha serikali, kile kilichoanzishwa ndani ya kiwanda kilichofungwa, alikiita "cha mafundi bomba." Majoho ya huko yalikuwa na kola ya buluu, na aliyeyashona ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alifundishwa kushika sindano na Mama Joho mwenyewe. Walipendana sana, mdogo alipokuwa na wateja wachache.

Kisha serikali ikabadilika. Uchumi ulikuwa umeyumba, ajira za ofisini zikasimamishwa, na wakubwa wapya wakatangaza kwamba mikopo itaanza na wanaosoma uhandisi, uuguzi na kilimo. Vijana si wajinga. Walimiminika kule kiwandani, Chuo Kikongwe kikawa kinafunga madarasa, na mke wangu akaangukia sare za chekechea. Mdogo wake akaajiri wasaidizi. Nitasema wazi, maana nalala naye kitanda kimoja: ulikuwa wivu, wivu mtupu, ule wa kumnyima mtu usingizi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kila tulipopita mbele ya duka la mdogo wake.

"Kwani yeye ndiye aliyebadilisha serikali?"

"Wewe nyamaza. Hujui uchungu wa kumfundisha mtu kazi."

Pigo lenyewe lilitoka nyumbani. Binti yetu wa pekee alipata mkopo wa kusoma uhandisi, kwenye chuo cha buluu. Mama yake alinuna muhula mzima. Mahafali yalipokaribia aliweka sharti moja, kwamba joho la mwanawe halitashonwa na mtu mwingine. Akajifungia nalo chumbani, hata mimi nikakatazwa kuchungulia.

Siku ikafika. Langoni mwa chuo, msimamizi wa maandamano akamzuia binti yetu. Joho lake lilikuwa zuri kuliko yote pale, ila kola ilikuwa nyekundu.

"Mkono umezoea," mke wangu akasema, na sidhani kama hata yeye alijua ni kweli au la. Wahitimu wengine walikuwa wanaingia. Binti akaanza kulia.

Shemeji yangu akaja mbio na mkoba wake wa sindano. Hakucheka, hakutupa hata neno la kijembe, na hilo ndilo lililomchoma dada yake zaidi.

"Joho libaki lako, dada. Tubadilishe kola tu."

Akapiga magoti kwenye changarawe, akafumua, akashona ya buluu. Binti akalivaa na kukimbilia ndani.

"Asante, mama mdogo!"

Mama Joho alipiga makofi hadi mwisho wa sherehe.

Jumatatu nilimkuta kwenye cherehani. Picha zilikwishapigwa, na joho lile halikuwa na safari nyingine. Alikuwa ameifumua kola ya mdogo wake, na sasa anaishona tena, buluu ileile, kwa uzi wake mwenyewe.