Mtu wa Sita Kwenye Mchoro wa Anifa

Usiku ule nililala bila kula. Chakula kilikuwepo, ila kila nikikaa mezani nililiona tundu kwenye karatasi ya Anifa.

Nianze na hilo tundu. Kila likizo ya mwezi wa sita, mimi na rafiki yangu Leonida tulikuwa tukikusanya watoto kwenye ukumbi mmoja hapa Songea, tukiwafundisha kutunga hadithi na kuzichorea picha. Mimi maneno, yeye michoro. Mwaka jana tulimzika Leonida. Likizo hii nikabeba kazi zote mbili peke yangu, na kuchora sijui.

Siku hiyo niliwaambia watoto wachore watu wa nyumbani kwao wakila, kisha waandike hadithi ya mlo huo. Anifa, binti wa miaka minane, alichora watu sita wamezunguka sinia la ugali.

"Nyumbani mko wangapi, Anifa?"

"Watano, mwalimu."

"Sasa huyu wa sita katoka wapi? Kuhesabu hujui?"

Wenzake wakacheka. Nikampa kifutio. Alifuta, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni shangazi yake alipokuja kumchukua, nilimwonyesha ile karatasi kwa utani. Hakucheka.

"Huyo atakuwa mama yake," alisema. "Tumemzika juzijuzi tu, mvua zilikuwa hazijakatika."

Hilo ndilo nililolala nalo.

Usingizi uliponichukua nilijikuta ukumbini, mchana kweupe. Watoto hawakuwepo. Leonida alikuwa ameketi kwenye benchi lao dogo, magoti yamemfika kifuani, amevaa lile sweta lake la kijani lililochakaa viwiko, anachonga penseli. Nilijua amekufa. Sikuogopa. Niliona aibu tu, ile ya kufikiwa na mgeni nyumba haijafagiliwa.

Nikafungua mdomo nimsalimu, na papo hapo ukumbi haupo. Tuko wodini. Kitanda ni kilekile cha dirishani, ambacho siku ile nilikikuta kimeshatandikwa upya, nami nimesimama na chupa ya uji mkononi, nesi ananiangalia hajui aanzie wapi. Sasa Leonida yupo kitandani. Ananyoosha mkono. Namimina uji kwenye kifuniko cha chupa, anakunywa polepole mpaka wa chini kabisa, nami natazama koo lake likipanda na kushuka. Nataka kumwambia siku ile nilikuja mbio, kwamba sikukawia kwa kupenda. Haniulizi hayo.

"Umemfutisha mtoto nini?"

Chini ya kitanda nasikia mtu anasugua karatasi, anasugua tu, na sithubutu kuinama.

"Sikujua, mwenzangu," nasema hatimaye.

"Sasa umejua."

Wodi imekwisha, sijui tumetokaje. Tunapita kati ya migomba, yeye mbele, mimi nyuma, umande unalowesha pindo la gauni langu. Anatembea haraka, kama enzi zile alipokuwa mzima na mimi nikilalamika nyuma yake. Naogopa tutafika anakokwenda kabla sijasema la maana.

"Kesho nitamwita pembeni," namwambia. "Nitamwomba radhi."

Leonida anasimama. Anageuka, ananitazama kwa mara ya kwanza tangu aje. Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kwani ulimwaibisha pembeni?"

Kisha anaendelea na njia yake, na miguu yangu inakataa kumfuata. Namwita. Namwita tena.

"Mama Joeli! Mama Joeli, unaongea na nani?" Mume wangu alikuwa ananitikisa bega.

"Na Leonida."

Aliliachia bega langu. Walipendana kama ndugu, yeye na Leonida. "Amesemaje?"

"Amenituma."

Kulikuwa kunapambazuka, nikaamka, nikachemsha maji ya kuoga.

Nina miaka arobaini na sita, na sijawahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha mbele za watu. Kwetu mkubwa akikukosea alikununulia andazi, yakaisha. Njia nzima nilijiambia labda ndoto ni ndoto, na hata dukani nilisimama nikayatazama maandazi. Sikununua.

Watoto walipokwisha kuketi nilisimama mbele yao.

"Jana nilimkosea Anifa," nilisema. "Nilimwambia hajui kuhesabu, mkacheka kwa sababu yangu. Alikuwa amehesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa siijui familia yake. Anifa, naomba unisamehe."

Watoto walitazamana, wakanitazama, wengine wakainama kana kwamba wameona jambo wasilopaswa kuliona. Anifa aliuangalia mkono wake uliokuwa mezani. Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Nikamwekea karatasi mpya, nikarudi zangu nyuma.

Kijana mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, na mimi babu nimweke?"

"Mweke."

Basi wakainamia kazi. Ukumbi mzima ukawa mlio wa penseli tu. Nilizunguka taratibu, na nilipofika kwa Anifa nikakuta ameshachora sinia, na watu watano wameketi. Wa sita amemchora wa mwisho, mkubwa kuliko wote, amesimama.

"Huyu umemsahaulia nafasi ya kukaa?" nilimuuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Anifa akatikisa kichwa, penseli haijaacha kutembea.

"Mama hakai kwanza, mwalimu. Yeye ndiye anayepakua."