Dirisha la Mulombwa

Samahani kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Juzi niliona fundi aking'oa dirisha la mbao za mti wa mulombwa kwenye nyumba ya zamani, na harufu ya ule ubao ikanirudisha utotoni. Papa, yaani baba yangu, fundi seremala, alikuwa amepasua dirisha la mteja, akaja kung'oa letu alipeleke kule. Nilidhani ananifungulia mlango wa kuchezea. Nikawa naruka nje na ndani, nikicheka.

"Na hii baridi, mutoto iko nakohoa?" mama aliuliza, akimfunika mdogo wangu.

"Angalia, mama, mukubwa yake iko nafurahi," papa alijibu, akaondoka nalo.

Mama alinitazama, akanyamaza. Sasa najua kwamba kicheko changu ndicho kilichomnyamazisha. Kama nanyi mlicheka siku isiyofaa, niandikieni.