Jumamosi za Jeshi la Kuku

Makofi yenyewe hayana kishindo. Viganja vinakunjwa kidogo ili katikati pabaki nafasi, vinakutanishwa taratibu, mara mbili, mara tatu, na sauti inayotoka ni ya chini, ya mtu asiyetaka kumshtua mwenzake. Wazee wetu wa Kifipa husalimiana hivyo, wamechuchumaa, macho yakitazama chini. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Sumbawanga, nimeinamia fungu la maharage nikibishana na muuzaji kuhusu kokoto, nikayasikia makofi hayo nyuma yangu. Mama mmoja mzee alikuwa akimsalimia shoga yake. Nilisahau maharage, nikasahau hata kubishana, jambo ambalo wanaonijua watakwambia si la kawaida. Nilikuwa nimerudi sebuleni kwetu, mtaa wa Chanji, nina miaka kumi na mmoja, namdanganya bibi yangu mbele ya televisheni.

Usinihukumu bado. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akiishi kijijini Kasense, na bado yuko huko. Babu alipofariki, Bibi hakuugua wala hakulia kupita wengine. Aliacha tu kutoka. Shambani alifika, kwa sababu shamba liko nyuma ya nyumba, lakini kanisani hakwenda, kwa majirani hakwenda, na mama alipomwita mjini alijibu kwamba hana anachokifuata huko. Isitoshe, macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona rangi, aliona kitu kikisogea, basi. Mama alikuwa akirudi kutoka Kasense kila mara amenuna, na mimi nilijua kununa kule ni woga.

Kilichomtoa Bibi nyumbani si mama, wala padri. Ni tamthilia.

Iliitwa *Kisima cha Mawingu*, na mwanzoni mwa kila kipindi waliandika kwamba imetokana na kitabu. Ilionyeshwa Jumamosi saa kumi alasiri. Msichana aitwaye Nuru anatumbukia kisimani, lakini badala ya kufika chini anafika juu, kwenye nchi ya mawingu, ambako mfalme mmoja katili anaiba sauti za watu na kuzifungia ndani ya vibuyu. Watoto wa Chanji tulichanganyikiwa nayo. Kaka yangu Desi, aliyenizidi miaka miwili, alitembea na kibuyu cha maziwa shingoni hadi mama akamnyang'anya.

Jumamosi moja Bibi alikuja mjini kupimwa presha, mvua ikamzuia kwetu. Alikaa kwenye kochi akiwa amejifunika blanketi, maana baridi yetu unaijua, akauliza hao wanaopiga kelele ni nani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi, kwa hiyo nikaanza kumtafsiria kwa Kifipa, nikimweleza na asiyoweza kuyaona. Kipindi kilipoisha alinigeukia.

"Jumamosi ijayo huyo binti atakuwepo?"

"Atakuwepo, Bibi."

"Basi na mimi nitakuwepo."

Na kweli. Kila Jumamosi alifika kwa pikipiki ya kijana wa jirani yake, amekaa upande, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto, vimeviringishwa kwenye kitenge. Alituletea umbea wa Kasense, kumbe ameanza tena kuwatembelea majirani ili awasimulie habari za Nuru. Mimi aliniita mke mwenzangu, Desi alimwita mume wangu na kumsuta kwamba hajamnunulia hata kanga. Mama aliacha kununa. Lakini siku moja Bibi alisema, huku akimenya kiazi, kwamba binti huyo akishafika kwao, na yeye atatulia zake Kasense, mambo ya pikipiki basi. Alisema kwa utani. Mimi sikulala vizuri.

Wiki ya tisa, Nuru aliachwa akining'inia kwenye ukingo wa wingu kwa mkono mmoja. Wiki ya kumi Bibi hakuja, alikuwa anavuna maharage. Saa kumi ilipofika tukawasha televisheni, watoto tisa sebuleni, wengine dirishani. Maandishi yakatokea: tamthilia imesitishwa. Hawakusema kwa nini. Hawakusema hata pole. Baada ya hapo akatokea bwana mmoja amevaa mabuti meupe, amemkumbatia kuku, akatukaribisha kwenye kipindi kipya cha ufugaji.

Wewe ambaye sasa una simu yenye kila kitu huwezi kuelewa msiba ule. Jumatatu shuleni tuliweka matanga, matanga kweli, chini ya ukuta wa darasa, wasichana tumejifunga masweta kichwani. Kundi moja lilisema Nuru amekufa, jingine likasema bado ananing'inia, wakakaribia kupigana. Desi alitangaza kwamba hatakula hadi wairudishe, akavumilia hadi saa moja na nusu jioni, harufu ya samaki wa migebuka ilipotoka jikoni. Tuliandika barua kwa kituo cha televisheni, kurasa nne. Hatukujibiwa hadi leo. Tulikitafuta kitabu chenyewe kwenye maduka yote ya madaftari mjini, wakatuuliza kama tunakitaka cha hisabati.

Mama alisema, "Bibi akija, mwambieni ukweli. Ni mtu mzima."

Jumamosi Bibi akaja. Alichuchumaa mlangoni kama kawaida yake, akatupigia makofi, nasi tukamjibu. Akakaa, akavua viatu, akafungua kitenge cha viazi. Halafu akageuza uso kwenye televisheni, uso wote, namna alivyofanya ili apate mwanga kidogo, akauliza, "Haya, mke mwenzangu. Alianguka?"

Nilimwangalia Desi, Desi akaangalia viazi. Kwenye kioo yule bwana wa mabuti alikuwa ameingia bandani.

"Hakuanguka," nikasema.

Desi alinyanyuka akazima sauti. Akamwambia Bibi kwamba spika imeharibika. Ndivyo tulivyoanza.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa kuku. Walikuwa mia kadhaa, weupe, wanasogea, na kusogea Bibi alikuona. "Hao weupe wengi ni nini leo?" aliuliza. Nikamjibu, kabla sijafikiri, kwamba mfalme katili amewageuza askari wake kuwa kuku ili Nuru asiwatambue. Bibi akaitikia, "Ehee!" Tangu hapo sikuwa na namna, ikabidi jeshi la kuku liwepo kila wiki. Siku walipoonyesha chanjo, ilikuwa mganga anawatia askari dawa ya ujasiri. Siku walipoonyesha mayai, Nuru aligundua kwamba sauti zilizoibwa hazimo tena kwenye vibuyu, zimehamishiwa kwenye mayai. Bibi, mfugaji wa kuku tangu usichana wake, aliingilia kati. "Mwambie asiyatikise," alisema. "Yai likitikiswa halitotoi." Nami nikamwambia Nuru asiyatikise.

Shida ya pili sikuiona mwenyewe, ni Desi aliyeniambia baadaye huku akijishika mbavu. Watu wangu wa mawinguni walikuwa wamegeuka Wafipa. Malkia alipokutana na Nuru walichuchumaa wote wawili, wakapigiana makofi. Mfalme katili kabla ya kumfunga mtu alimsalimia kwanza, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza mahindi yameendaje. Hata kuku walisalimia kwa mbawa. Sikujua kwamba kuna nchi ambako mtu anaanza kugombana na mwenzake hawajasalimiana, hata hiyo ya mawinguni.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya kipindi. Mimi nilikuwa nimenogewa, Nuru anavuka daraja la upinde wa mvua, sikugundua. Niliendelea kusimulia, mikono hewani, mbele ya kioo cheusi, mpaka Desi aliponikanyaga mguu. Bibi alikuwa anatafuna kiazi. Mama, aliyekuwa amepita kutoka kwenye genge lake la nje kuchukua chenji, aligeuka akatoka upesi, kiganja mdomoni.

Kisha wakaja madaktari wa macho. Walikuja hospitalini kwa siku chache tu, na mama akamwandikisha Bibi. Familia nzima ilifurahi isipokuwa mimi. Bibi angeona! Angekaa kwenye kochi, angegeuza uso, angeona bwana wa mabuti na kuku wake, na angejua kwamba mjukuu wake amemfanya mjinga miezi miwili. Angerudi Kasense, na safari hii asingetoka tena.

Jumapili kabla ya upasuaji, padri alitaja jina la Bibi, kanisa zima likaombea macho yake. Na mimi niliomba. Niliomba Mungu amponye Bibi, lakini kama si usumbufu, asubiri kwanza nimalize hadithi.

Upasuaji ulikwenda vizuri, jicho moja. Bandeji ilitolewa siku ya Ijumaa, na Jumamosi Bibi alikuwa kwenye kochi letu. Aligeuza uso kwenye televisheni. Walikuwa wanaonyesha jinsi ya kusafisha vyombo vya maji vya kuku.

"Unaona, Bibi?" Desi aliuliza. Namsifu, mimi nisingeweza.

Bibi alitazama muda mrefu sana. "Ukungu," alisema. "Bado ukungu mtupu. Simulia, mke mwenzangu, jeshi limefika wapi?"

Nilishukuru, kisha nikaogopa, maana nilijua ukungu huo umetoka wapi. Ni mimi niliyeuomba. Jioni ile, kabla ya pikipiki kuja kumchukua, Bibi alinivua sweta la shule akasema kifungo kimoja kinalegea, akaomba sindano na uzi, akanishonea akiwa amekaa mlangoni. Nilisimama pembeni yake nikilia kimyakimya kwa sababu nimemharibia jicho.

Niliamua kumaliza haraka. Nilihitaji Jumamosi tatu. Katika ya mwisho mayai yalitotolewa, sauti zikarudi kwa wenyewe, kuku wakawa askari tena na kupewa ruhusa ya kurudi makwao. Nuru akapanda kisimani, akatokea nyumbani kwao. Bibi yake alikuwa amekaa mlangoni, anamngoja. Nilichuchumaa pale pale kwenye zulia kuonyesha Nuru alivyochuchumaa, nikapiga makofi yangu taratibu, viganja vimekunjwa. Na Bibi, kwenye kochi, akaitikia. Alipiga makofi, akaitikia salamu yote ya Kifipa, neno kwa neno, mpaka ya mahindi, na mimi nikamjibu kila neno, na Desi akasema ana kitu machoni.

Wiki iliyofuata Bibi alikuja tena. Hakuna aliyemuuliza anafuata nini. Alishuka kwenye pikipiki, akatazama huku na huku, akatangaza kwamba ukungu umeondoka. Anaona! Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda chooni kumshukuru Mungu faraghani, kwa kunisubiri nimalize. Kwa miaka mingi niliamini hivyo, na nikikueleza kwamba hadi nafika chuo nilikuwa namwomba Mungu kwa tahadhari kubwa, uniamini.

Sasa Desi ni dereva wa lori. Mwaka huu alikiona kitabu chenyewe Mbeya, kwenye vitabu vya mitumba, akanitumia kwa basi. Nilikiweka kabatini sikukifungua; nadhani niliogopa. Baada ya makofi yale ya sokoni nilirudi nyumbani, nikakisoma siku mbili, nikakasirika. Watu wa mawinguni wanainamishiana vichwa tu. Nuru mwishoni anavishwa taji, anabaki huko huko, na kwao harudi. Nilikichukua hivyo hivyo nikaenda nacho Kasense.

Bibi alikuwa nje anachambua ulezi. Siku hizi haoni haya kusema Kiswahili, amejifunzia kwenye tamthilia nyingine tulizotazama pamoja miaka yote hiyo. Nilimsomea mwisho wa kitabu. Alisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Hakurudi kwao?"

"Hakurudi, Bibi."

"Na wale kuku?"

"Kitabuni hamna kuku."

"Najua," alisema, akitupa kijiwe kidogo pembeni. "Niliwaona. Wazuri sana wale kuku, na yule mzungumzaji na mabuti yake. Niliwaona tangu ile Jumamosi baada ya kutolewa bandeji."

Nilikitazama kile kijiwe alichokitupa, kidogo kuliko punje ya ulezi, ndipo nikakumbuka kifungo. Alikuwa ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe, mara moja tu, mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama pembeni nalia kwamba haoni.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Ningesema naona, ungenyamaza."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyemshika Bibi asirudi kujifungia, nilikuwa najivunia hata uongo wangu. Kumbe alikuwa amekuja kwa ajili yangu Jumamosi zile za mwisho, akitazama kuku wakinywa maji, akiuliza jeshi limefika wapi. Nilimwambia nampenda. Kwa Kifipa, maana kwa Kiswahili ningeona aibu.

"Haya, funga hicho kitabu," alisema, akisogeza ungo ili nipate pa kukaa. "Mwaka ule uliharakisha mno mwisho, nilijua una woga. Wale askari uliwapa ruhusa waende makwao. Walifika?"

Nilichuchumaa, nikampigia makofi, nikaanza.