Mikono ya Shangazi Kristina

Siku ile ya mashindano ya sanaa pale Ruangwa naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kuacha kuchonga.

Nilikuwa binti bado. Baba alinifundisha kuchonga mpingo kule kwetu Nandagala, na watu walishangaa kumwona mwanamke ameshika patasi. Wenzangu walipeleka simba na twiga. Mimi nilimchonga shangazi yangu Kristina, amekaa chini anabangua korosho. Nilijua nitashinda. Sikushinda, hata nafasi ya tatu sikupata.

Nikaifunga sanamu yangu kwenye kanga, nikamwambia shangazi twende stendi. Akakataa kuinuka.

"Nimekaa nimepinda mgongo siku zote zile ili unichonge, halafu uondoke bila kuuliza? Nenda kamuulize yule jaji mzee ameona kasoro gani."

Nikaenda, machozi yakinilengalenga. Mzee yule akaifungua kanga, akaitazama sanamu, kisha akamtazama shangazi.

"Uso ni wa mama huyu kabisa," akasema. "Lakini mikono ni ya msichana. Kwa nini hukuichonga ilivyo?"

Nikaitazama mikono ya shangazi. Viungo vya vidole vimevimba, ngozi imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Mikono ile ndiyo iliyonisomesha, nami niliilainisha ili ipendeze.

Shangazi akacheka. "Basi nichonge tena. Mimi mikono yangu siionei haya."

Nikachonga upya, kila kovu mahali pake. Mwaka uliofuata mashindano yakafanyika Nachingwea, na jina langu likaitwa la kwanza. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akiionyesha sanamu na kumwambia kila aliyepita, "Huyo ni mimi!" Mpaka leo najivunia siku hiyo, mwanangu, na sioni haya kusema hivyo.

Nawe ukisikia kuna mashindano, peleka kazi yako. Usijisumbue kubahatisha majaji wanapenda nini. Chonga unachokijua, na ukichonge kweli. Ukikosa, mpe mkono aliyeshinda, kisha uulize, hata kama sauti inatetemeka. Jibu litauma, lakini rudi nalo nyumbani ulifanyie kazi.

Mungu akulinde macho na mikono, mwanangu, na siku jina lako litakapoitwa, akujalie watu wako wawepo wakushangilie.