Bati Nyuma ya Wavu

Kanuni ya fundi wa pikipiki ilikuwa fupi: anayeweka bati au kizibo chochote ndiye anayekitoa, na asipoweza kukitoa anakitaja kwa mdomo. Aliisimamia kwa miaka kumi na tisa. Kwa sababu ya kanuni hiyo alimfukuza fundi mwenzake, baba wa watoto wanne, aliyesahau kitambaa ndani ya bomba la moshi la pikipiki ya mteja. Hakuna aliyeumia siku ile, lakini fundi hakutaka kusikia. "Usingoje mtu afe ndiyo ujifunze kusema," alimwambia, akamfungulia mlango.

Bati lenyewe lilihusu pikipiki yake mwenyewe, ya zamani, yenye injini isiyo na pistoni. Badala ya pistoni kupanda na kushuka, chuma chenye pembe tatu kilizunguka ndani ya chumba kimoja. Ubaya wa injini hiyo ni kwamba mafuta huwaka upande mmoja tu wa chumba. Upande huo huungua siku zote na ule mwingine hubaki baridi, na chuma kinachotanuka upande mmoja hupinda. Maji yakishindwa kubeba joto, ile pembe tatu hukwama na gurudumu la nyuma hukwama nayo. Lakini pia injini haikupenda kukimbizwa ikiwa baridi. Kwa hiyo asubuhi za baridi fundi alichomeka bati jeusi nyuma ya wavu wa rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini, ili maji yapate moto haraka. Kisha alishika mpira wa maji wa juu kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto, na ukishapata moto alilichomoa. Mtaani walimwita Daktari.

Kipimo cha joto kilikuwa kimekufa siku nyingi. Muuza vipuri alimletea kingine, fundi akakirudisha. "Mkono wangu haudanganyi," alisema.

Binti yake wa pekee alikuwa fundi cherehani, mwenye miaka ishirini na sita. Alikuwa ameitwa kwa majaribio katika kiwanda cha kushona sare za wauguzi, ng'ambo ya mlima. Saa moja kamili geti lingefungwa, na atakayechelewa asingejaribiwa tena. Alijua kuiendesha pikipiki ile, lakini kuiwasha na kuipasha moto ilikuwa kazi ya baba. Hakuondoka hata siku moja kabla baba hajamwambia, "Haya, tayari."

Asubuhi ya majaribio kulikuwa na ukungu. Fundi alichomeka bati, akawasha injini, akachuchumaa kando yake. Binti alitoka na kikombe cha chai.

"Mama, njoo umwone mumeo. Anambembeleza mke mwenzio."

"Mwache," mama alijibu kutoka jikoni. "Angalau huyo akipiga kelele anasikilizwa."

Wote wawili walicheka. Fundi hakucheka.

"Baba, usinune. Nikipata kazi nitakununulia pikipiki ya kweli. Hii ipelekwe makumbusho, kila siku ina homa!"

Ilikuwa mizaha tu, ya nyumba inayopendana. Lakini fundi aliipokea vibaya. Alisimama, akajifuta mikono, akaingia ndani bila kugusa mpira wa maji wala kuchomoa bati. Binti alifunga mkoba wake wa mikasi, akaita, "Baba, tayari?"

"Si unajua kila kitu wewe?" alijibu kutoka ndani.

Binti alidhani ni utani wa kumjibu utani wake. Akapanda, akaondoka.

Fundi aliusikia mlio ukitoka uani. Alikuja mlangoni. Binti alikuwa amesimama penye kona, hatua thelathini hivi, akikaza mkanda wa kofia. Sauti ingemfikia. Fundi alikunja mikono kifuani, akajiambia kuwa hewa ni ya baridi, injini haitachemka upesi, na atakaponusa harufu ya kuungua atasimama mwenyewe. Ngoja apate aibu kidogo. Binti akamaliza kukaza mkanda, akaenda.

Watu humsamehe upesi mzazi anayesahau. Huyu hakusahau.

Injini ilikwama kwenye mteremko wa pili. Gurudumu la nyuma liliganda, pikipiki ikalala, ikamburuta binti hadi kwenye ukingo wa zege. Mkono wake wa kulia ulibanwa katikati ya pikipiki na zege.

Fundi alipofika, binti alikuwa amekwishachukuliwa. Askari wa barabarani alikuwa anaizunguka pikipiki. Akaingiza vidole nyuma ya wavu, akavirudisha haraka kwa joto, kisha akalivuta bati kwa kalamu. Rangi yake nyeusi ilikuwa imefura malengelenge.

"Hii nini, mzee? Imeziba rejeta yote."

"Bati langu."

"Nani kaliweka?"

"Mimi."

"Na dereva alijua?"

Fundi aliuliza binti amepelekwa hospitali gani. Askari akamwelekeza.

Hospitali walimruhusu kuingia adhuhuri. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguuni pa binti. Mkono ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko.

"Baba," binti alisema, "nilikuuliza kama tayari."

"Uliniuliza."

"Ilikuwa tayari?"

"Haikuwa."

"Ulijua, nikiwa bado penye kona?"

Mama akainua uso. Fundi angeweza kusema uongo, na wote wawili wangemwamini.

"Nilijua, mwanangu."

Binti aligeukia ukutani. Mama alisema, taratibu, "Nenda nyumbani, baba yake. Nenda tu."

Vidole vitatu vilikatwa wiki hiyo, na viwili vilivyobaki havikunjiki. Hajashona tena. Anaishi na mama yake kwa mjomba wake, na fundi hukaa peke yake. Hasira ya asubuhi moja iligharimu mkono wa kulia wa mwanawe na nyumba nzima.