Mashine ya Mitamba Miwili

Msiniambie niliota. Kila ninapolisimulia jambo hili hakosi mtu wa kunihurumia na kusema, masikini, bibi alikuwa na mimba, na mimba huleta maruweruwe. Mimba ilikuwepo, ya miezi mitano, sikatai. Lakini ilikuwa mchana, nimekwisha kunywa uji wangu, na mama mkwe alikuwepo akaona aliyoyaona. Mimi nitasema kama yalivyokuwa. Nikikasirika katikati mniache nikasirike, maana sina lingine la kufanya na jambo hili.

Wakati ule Wajerumani ndio waliotawala. Boma lao lilikuwa limekwisha kujengwa kule chini, nasi tulikaa juu yake, mlimani, katikati ya migomba. Mume wangu, Sangito, aliitwa na askari kwenda Moshi na magari ya kukokotwa na maksai, kuchukua mizigo iliyoletwa na reli. Hakuomba kazi hiyo. Siku zile ukiitwa, unakwenda. Aliondoka asubuhi bado kuna ukungu, akaniachia mimi na mama yake nyumba na mitamba miwili. Hiyo mitamba ndiyo mali yote aliyokuwa nayo, uzao wa ng'ombe waliosalimika na sotoka, ule ugonjwa uliomaliza mifugo, katika zizi la baba yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Kwetu mtu akisafiri nyumba yake haifagiliwi mpaka jua lichwe mara nne. Nyayo alizoacha sakafuni ndizo zinazomrudisha. Ukizifagia, umemwambia asirudi. Hata mtoto mdogo alilijua hilo. Kwa hiyo mimi na mama mkwe, ambaye sote tulimwita yeyo, yaani mama, tulikaa na uchafu wetu. Maganda ya ndizi yakianguka tunayaokota kwa mkono, majivu tunayaruka. Ufagio tuliuweka nje kabisa, tusije tukajisahau.

Siku ya pili mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika jua lilipopanda. Hapo akaja shemeji yangu Mirisho, mdogo wake Sangito. Mirisho alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Mzungu mmoja pale bomani. Alipiga mazulia, alifuta viatu, na kwa majivuno yake alitembea na kitambaa cha vumbi begani hata siku ambayo hana kazi. Siku hiyo hakuja peke yake. Alikuja na mtu mwenye kanzu nyeupe, amebeba sanduku mgongoni.

Mtu yule hakuwa wa kwetu kwa sura, lakini alipofungua kinywa alisema lugha yetu kana kwamba amenyonya ziwa la yeyo. Na kanzu yake, jamani! Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote ni tope, Mirisho ametapakaa mpaka magotini, lakini huyu hana hata tone kwenye pindo, wala miguuni, na alikuwa peku. Niliona. Nikajiambia, basi, ni mwuza usafi, atakosaje kuwa safi? Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mivuo miwili, kama ile ya wahunzi, ila hii ilivuta pumzi badala ya kuitoa. Palikuwa na mpira mrefu wenye mdomo wa shaba, mpana kama wa bata, na mfuko wa kitambaa cheupe. Akasema ni mashine ya kunyonya vumbi. Kwa Wazungu wake za mabwana wakubwa wanayo, hawainami tena. Bei yake mitamba miwili.

Nilicheka. Kweli nilicheka. Nikamwuliza, ufagio naukata kichakani bure, kwa nini nikupe mitamba ya mume wangu? Na hii sakafu yetu ni udongo mtupu, ukinyonya vumbi kwenye udongo utakomea wapi, kuzimu? Mirisho akachukia. Akasema sina akili ya maendeleo. Yeye ataipeleka bomani na kwenye maduka ya Wahindi, atanyonya mazulia yao, na kabla ya mavuno mitamba itakuwa imerudi minne. Nikamwambia mitamba si yake. Akaniambia wala si yangu. Basi tukashikana kwa maneno, yeye huku, mimi kule, mgeni amesimama katikati yetu anatabasamu kama mtu aliyepikiwa.

Mgeni akasema, "Msigombane. Ijaribuni kwanza, kujaribu ni bure."

Yeyo akainua mkono. Akasema nyumba hii haifagiliwi, mwenyewe yuko safarini.

Na hapo Mirisho akasema neno ambalo sijamsamehe mpaka leo, na hata nikifa sitamsamehe. "Yeyo, kilichokatazwa ni ufagio. Hapa ufagio uko wapi?"

Yeyo akatazama mashine. Nami nikatazama. Kweli, haikuwa na unyasi hata mmoja. Wazee walikataza ufagio, na hakuna mzee aliyewahi kukataza mivuo. Mnaelewa jinsi mtu mzima anavyoweza kuwa mpumbavu? Nilikuwa na akili ya kutetea mitamba, nikakosa akili ya kutetea mume. Mgeni hakungoja jibu. Alikanyaga mivuo, akaanza.

Alianzia kitandani upande wa Sangito, akaja mekoni, akamalizia kizingitini. Alikwenda polepole, hakuruka hata pembe moja. Siwafichi, ilipendeza. Sakafu ilibaki imelainika kama kibuyu kilichopakwa samli, na mimi mwenyewe moyo uliyumba kidogo. Mfuko ulikuwa umejaa, umevimba.

"Unanunua?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Akauliza tena, nikasema hapana. Akauliza mara ya tatu, huku ananitazama mimi tu, na Mirisho ananikonyeza nikubali. Nikasema hapana, mwenye mitamba hayupo. Mgeni akafunga sanduku, akashukuru, akatoka. Hakupunguza bei hata kidogo. Mmewahi kuona mchuuzi wa namna hiyo? Mimi nikajisifu kwamba nimelinda mali ya mume wangu.

Aliyegundua kwanza ni mbwa wa Sangito. Aliingia ndani, akanusa upande ule wa kitanda, akanusa tena, akatoka akaenda kulala juani kama mbwa asiye na bwana. Nami nikavuta pumzi, nikagundua harufu ya mume wangu haimo tena ndani. Ile harufu ya moshi na ngozi na mafuta anayojipaka, ambayo nilikuwa nalala nayo. Haikuwepo, kana kwamba hajawahi kukaa pale.

Halafu nikamsikia yeyo nje. Alikuwa amechuchumaa uani, anatazama tope. Akanionyesha njia waliyojia wageni wetu. Palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, za Mirisho. Kisha akanionyesha njia aliyoondokea yule mtu. Hapo palikuwa na nyayo, mbichi kabisa, za miguu mipana, na wa kushoto hauna kidole kidogo. Sangito kidole hicho kililiwa na funza. Niliutibu mguu ule mimi mwenyewe kwa sindano, nisingeukosea.

Mirisho akasema wasio na vidole ni wengi. Nilifunga nguo kiunoni nikakimbia na tumbo langu, nazifuata zile nyayo kati ya migomba, mpaka mto Themi.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, anakung'uta mfuko. Sikumwamkia. Nikamwambia nirudishie vumbi langu.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema.

Nikamwambia basi nanunua, twende ukachukue mitamba yote miwili, na ndama wao nitakupa wakizaliwa. Nilipiga magoti kwenye mawe. Mimi, ambaye sikuwahi kumpigia mtu magoti.

"Anayenunua mashine ananunua na kilichomo. Asiyenunua, kilichomo si chake. Kujaribu ni bure kwako, mama. Mimi pia nakula."

Nikamrukia. Nikashika ule mfuko, ukachanika mikononi mwangu, na ndani haukuwa na kitu. Harufu ya mume wangu ilinipanda puani mara moja, ikapotea. Yule mtu akainuka bila haraka, akaingia majini, akatokea ng'ambo. Mniamini, nilikuwa karibu kama nilivyo karibu nanyi sasa. Pale ng'ambo palikuwa na mchanga uliolowa, naye akapita juu yake, na kila hatua iliacha unyayo tofauti. Wa kwanza ulikuwa wa Sangito. Wa pili wa mtoto. Wa tatu wa mtu mzee mwenye kisigino kilichopasuka. Aliendelea hivyo mpaka akaingia msituni, mguu mmoja mmoja wa watu wasiorudi makwao.

Magari yalirudi kutoka Moshi baada ya majuma mawili. Wenzake Sangito walisema walikuwa naye njia nzima, anaimba, amenunua kitambaa cha kunifungia mtoto. Walipovuka Themi akasimama. Akauliza hapa ni wapi. Wakadhani anatania. Akageuka akaenda zake upande wa Moshi, nao wakamwita mpaka sauti zikawakauka.

Kwa nini yeye tu? Yeyo ndiye aliyenieleza, kabla uchungu haujamwua. Sisi tuliokuwemo tulikanyaga tena sakafu ile ile papo hapo, tukaweka nyayo nyingine. Aliye mbali hana la kuweka. Wazee husema majuto ni mjukuu. Yangu yamekwisha kuwa kilembwe. Na ile mitamba niliyoitetea? Mwaka haukwisha, ikafa yote kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Mirisho alikuja kunisaidia kuichuna ngozi, nikamfukuza na kisu. Mpaka leo akipita njiani navuka upande wa pili, na yeye ni mzee wa fimbo.

Nikaiacha nyumba. Nilijenga kibanda pale penye kivuko cha mto, nikamzaa mwanangu humo, nikamlea humo. Watu wa kanisa waliniambia nikubali kuwa mjane, nikawauliza mjane wa nani, mtu ninayemwona kila mwaka? Maana huja. Mvua kubwa ikianza, Sangito huja kutoka upande wa Moshi na kitambaa kile mkononi, hajazeeka hata siku moja. Vita vimepita, Wajerumani wameondoka, Waingereza wameingia, yeye yuko vile vile. Mara ya kwanza nilimshika nikamwambia mimi ndiye. Alicheka kwa adabu, akasema mke wake yuko nyumbani. Nilimvuta mkono hadi langoni kwetu. Miguu yake ikageuka yenyewe, yeye akalia, hajui analilia nini.

Zamani alikuwa akiniita yeyo. Siku hizi ananiita koko, yaani bibi, na ana haki, nimezeeka. Ananisalimu, "Koko, takwenya," nami naitika, "Iko," nampa maziwa. Mwanangu, mwanamume mwenye mvi, humwekea kigoda. Sangito humaliza maziwa, hushukuru, husimama. Mwaka huu alisema, "Acha niende, koko. Nina mke ana mimba, sitaki alale peke yake."

Basi nanyi mnaopenda vitu vipya, nunueni mkitaka, bei ni juu yenu. Lakini mtu akikuletea kitu akasema kujaribu ni bure, kabla hajaanza mwulize kitakachoingia humo kitabaki na nani. Na kama una mtu wako njiani, asiguse mtu sakafu yako, awe na ufagio au asiwe nao. Akijitokeza mjuaji kukuambia hiki si ufagio, mpige kwanza, mbishane baadaye.